Ukitaka kujua nani analipia maktaba, angalia rafu

Jamani mwezi wa sita huu nimekaa na mtoto wa dada yangu, yuko darasa la tano, shule zimefungwa mama yake kamleta kwangu eti abadilishe hewa. Hewa gani sasa. Siku tatu za kwanza kamaliza bando langu la wiki kwa katuni, siku ya nne simu ikamponyoka kioo kikapasuka, nikasema basi, huyu kesho maktaba. Akaniuliza "mamdogo, huko kuna waifai?" Nikamwambia kuna vitabu. Akanyamaza kwa heshima tu, ila uso ulishasema yote.

Mji sitautaja. Ni mji mdogo, maktaba moja, wakutubi wanahesabika, ukiropoka kitu leo kesho sokoni wanakuuliza. Ila kama umekulia mkoani hii maktaba unaijua hata bila jina. Feni nne, zinazozunguka mbili. Mapokezi unaacha begi unapewa kibao cha mbao chenye namba, alafu unasaini daftari kubwa: jina, muda, jinsia, kazi. Dogo kwenye kazi kaandika "mgeni". Dada wa mapokezi kasoma kacheka kimoyomoyo, na dogo kwa kuwa kafunzwa adabu akampa shikamoo ya kwaya ya shule, ukumbi mzima ukageuka. "Marahaba mwanangu, humu tunaamkiana kwa kunong'ona."

Tukaingia. Nilidhani tutakuta wazee wawili wanasoma magazeti ya juzi. Kumbe pamejaa, nasema pamejaa, viti hakuna, vijana wamekaa hadi kwenye ngazi na kwenye ukingo wa dirisha, na ni saa tatu asubuhi tu. Dogo akaangalia angalia weee alafu akanivuta gauni, "mamdogo mbona hakuna anaesoma vitabu vya humu?"

Nikaangalia vizuri. Kweli. Kila mtu yuko na madesa yake. Kopi za steshenari zimebanwa na pini, pasti pepa za Necta zimekunjwa kona, mmoja anakokotoa kemia nyuma ya kalenda ya chama cha siasa, dada mmoja kajifunga kitenge mtoto mgongoni anabukua baiolojia kidato cha pili, huyo nilijua moja kwa moja ni QT, ule mtihani wa wanaosoma nje ya shule. Na vitabu vya maktaba viko pembeni vimejipanga kimya, hakuna anayevigusa.

Asa hapo ndo nikaanza kuwaza mambo ambayo sikuwa nayo asubuhi. Maana ukisikia watu wanasema "maktaba zimekufa, watu hawasomi" unaitikia tu, kumbe watu wamejaa mpaka kwenye ngazi. Wanachofuata ni kiti, meza, taa na ukimya. Fikiria chumba kimoja cha kupanga watu wanne, jirani anapiga singeli kuanzia saa kumi, mama anakaanga maandazi ya kuuza humo humo, utapigia wapi msuli? Ada ya sekondari imefutwa tangu 2016, watoto wamejaa shuleni na hilo ni jema kabisa, ila mtoto akirudi nyumbani nyumba ni ile ile. Kwahiyo kiti cha maktaba ni huduma, tena kwa mji wetu naona ndo huduma namba moja, na ukitaka kupima kama maktaba inafanya kazi kwa kuhesabu vitabu vilivyoazimwa utaikuta imekufa kila mwaka.

Nilimuuliza mkutubi hilo swali baadae. Akanionyesha daftari lake la takwimu, kila saa anapita anahesabu vichwa anachora vijiti, vinne wima na cha tano kinakata. Kurasa na kurasa za vijiti. "Hivi navituma," akasema, "na vya kuazima navituma. Wanaoniuliza wanauliza vya kuazima."

Turudi kwenye rafu. Dogo alishakata tamaa, kakaa chini kona ya watoto anachezea zipu, mimi nikaanza kuzunguka. Na mimi nina tabia moja, kitabu cha maktaba sianzi mbele, naanza nyuma. Nyuma kuna ile karatasi iliyobandikwa, ya mihuri ya tarehe za kurudisha. Nikatoa kimoja cha ufugaji wa nyuki. Mihuri ya zambarau imejaa safu nzima, 1979, 1979, 1980, 1981, watu walikuwa wanakipigania hiki kitabu, alafu inaanza kuachana, 1984, 1987, wa mwisho 14 MACHI 1991. Baada ya hapo karatasi nyeupe tupu mpaka chini. Nilikaa nacho mkononi muda. Aliyekirudisha mwaka ule mimi nilikuwa sijazaliwa, na naomba Mungu nyuki wake waliingia mzingani.

Alafu ukianza kuangalia vitabu vimechapwa wapi, hapo ndo utamu. Rafu ya chini kabisa, kwenye vumbi, kuna vilivyochapwa Peking, Kiswahili safi kabisa, karatasi nyembamba kama ya kufungia karanga. Pembeni yake vimechapwa Moscow, vina majalada magumu, Kiswahili kimenyooka kama rula mpaka kinachekesha. Hao walikuwa wanashindana kutusomesha na vitabu walikuwa wanavigawa karibu na bure. Panda rafu ya juu yake unakuta za kwetu, Tanzania Publishing House na wenzake, miaka ya sabini na themanini, riwaya, mashairi, vijitabu vya kilimo na vya afya vya enzi za kampeni ya Mtu ni Afya ya 1973, ile ya watu kukaa vikundi redio inasema na kijitabu kiko mkononi. Alafu inakuja kama pengo la jino. Alafu rafu za juu zinazong'aa ni Kiingereza kitupu, vina stika ndani, zawadi ya shirika fulani, zawadi ya shule fulani ya ng'ambo, zawadi ya marafiki wa mji fulani.

Yani rafu inakwambia nani alikuwa analipa mwaka gani. Hata huhitaji kuulizia bajeti. Mchina, Mrusi, sisi wenyewe kidogo, pengo, alafu mzungu mwenye moyo mzuri. Na kila anayelipa analeta alichonacho nyumbani kwake, huwezi kumlaumu, mgeni haulizwi kaja na zawadi gani.

Kidogo historia, nitaenda haraka. Bodi ya Huduma za Maktaba ilianzishwa kwa sheria ya 1963, uhuru una kama miaka miwili tu. Maktaba Kuu ya Taifa pale Dar, hiyo ya barabara ya Bibi Titi, Mwalimu Nyerere aliifungua mwenyewe tarehe 9 Desemba 1967, mwaka ule ule wa Azimio la Arusha, akachagua siku ya uhuru kabisa. Sheria ikaja kuandikwa upya 1975. Zikaenda mikoani, kukawa na magari ya maktaba yanazunguka na vitabu, kukawa na maktaba za vijijini kwa ajili ya waliotoka kujua kusoma kwenye elimu ya watu wazima, maana ukimfundisha mtu kusoma alafu hana cha kusoma baada ya miaka miwili anarudi alikotoka. Hilo wazee waliliona mapema. Pia Bagamoyo kuna chuo cha ukutubi mpaka leo. Na kwa mnaochapisha vitabu vyenu wenyewe, ile namba ya ISBN inatolewa na hii hii Bodi, msitapeliwe na mtu wa mtandaoni, na mkishachapa mnatakiwa kupeleka nakala pale, ndo kumbukumbu ya taifa hiyo.

Sasa gari la maktaba linakula dizeli. Na kitabu kinazeeka. Na maktaba za wilaya nyingi zinaendeshwa kwa kushirikiana na halmashauri, na halmashauri ina mambo yake, ina madawati, ina vyoo vya shule, ina barabara iliyokatika, maktaba inasubiri mwisho wa foleni na foleni haiishi.

Mkutubi wetu alinieleza kwa namna ambayo sijaisikia kwenye semina yoyote. Alikuwa anafunga vitabu vilivyoachia, gundi na uzi wa viroba, anaongea bila kuniangalia. "Mshahara wangu unatoka Hazina, huo haukosi, namshukuru Mungu. Vitabu vinatoka kwa wafadhili, vinakuja vinavyokuja. Luku ya umeme, sabuni ya choo, gundi hii na wino wa mhuri, hivyo vinatoka kwenu." Kwenu ndo sisi, vile vihela vya uanachama na faini. Nikamuuliza na fungu la kununua vitabu je? Akacheka. "Lipo. Kwenye karatasi lipo."

Nadhani hapo ndipo penye kidonda chenyewe. Watu wanapenda kujenga, jengo linakatwa utepe, linapigwa picha, lina bango la jina. Nani atakata utepe wa luku?

Kuna tajiri mmoja wa chuma wa zamani, Andrew Carnegie, Mskochi aliyehamia Marekani, yeye alijenga maktaba 2,509 duniani huko nyingi zikiwa Marekani. Ila jamaa alikuwa mjanja. Mji ukiomba hela ya maktaba anauliza kiwanja kiko wapi, na je mtatenga kila mwaka kutoka kwenye kodi zenu asilimia 10 ya nilichowapa, kwa ajili ya kuiendesha? Mji ukisita, hela hupati. Anampa jengo anayekubali kulilisha. Kuna mambo yake mengine ya kuonea wafanyakazi siyasifii, lakini hapa alifikiria kama mama anayempa mtu kuku wa kufuga anauliza kwanza pumba utatoa wapi.

Na asilimia 10 sio namba ngeni kwetu. Halmashauri zetu zinatenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo, nne wanawake, nne vijana, mbili watu wenye ulemavu, kila mtu anaijua 4-4-2 kama mfumo wa mpira. Sisemi maktaba ipewe kumi, msinirukie. Hata nusu ya moja, iwe inajulikana, iwe kila mwaka, mkutubi ajue mwezi wa saba atanunua vitabu kumi vya Kiswahili vya mwaka huu, vya mwaka huu jamani, sio vilivyotupwa na shule ya mtu.

Nilipita Nairobi kipindi fulani kwenye harusi, nikaenda kuiona maktaba ya McMillan, ile yenye simba wa mawe mlangoni, karibu na msikiti wa Jamia. Ilifunguliwa 1931, mama mmoja mjane kaijenga kumkumbuka mumewe, na mfuko wa huyo huyo Carnegie ukachangia. Na mpaka 1958 Mwafrika alikuwa haruhusiwi kuingia. Nilikaa kwenye kiti pale nikawaza tu hilo, kwamba kuna watu walikuwa wanapita hapo nje kila siku kwenda kazini wanawaona simba. Ina watoto wawili, yani matawi, huko Eastlands, Kaloleni na Makadara, na tangu 2018 kuna taasisi inaitwa Book Bunk imeingia makubaliano na kaunti kuzikarabati, wakaanza na hizo ndogo za mitaani badala ya ile kubwa ya mjini. Hilo nililipenda sana. Ila ukiuliza hela, nayo kwa sehemu kubwa ni ya kutafutwa kwa wafadhili, kaunti ina majengo na wafanyakazi. Wimbo ule ule, vyombo tofauti.

Alafu nina shoga yangu yuko Columbus, Ohio, kaenda miaka mingi kashapata na uraia. Kila nikilia habari za maktaba ananitumia voisi dakika saba. Kwao maktaba sehemu ya hela yake inatoka kwenye kodi ya nyumba na wananchi wanaipigia kura, ndio, kura kabisa, kwenye karatasi ya uchaguzi imeandikwa mnakubali kukatwa kiasi hiki kwa ajili ya maktaba au hamkubali. Na wanakubali! Mimi nilimwambia hebu rudia. Na tangu 2017 wamefuta faini za kuchelewesha, kwasababu wameona faini inamfukuza mwenye shida ndo anayeihitaji. Juu ya mlango wa jengo kuu pamechongwa maneno ya kusema pako wazi kwa watu wote. Watoto wake wakitoka shule wanaenda kusaidiwa homuweki, yeye alijifunza hapo maswali ya mtihani wa uraia. Nikamwambia shoga sisi tukifuta faini feni ya tatu inazima.

Sasa nirudi kwa dogo maana nilimuacha kwenye zipu.

Kumbe Jumamosi saa nne kuna hadithi za watoto. Hakuna aliyelipwa, hakuna mradi, mkutubi mwenyewe na mwalimu mmoja mama mstaafu waliamua tu. Wanatandika mkeka kona ya watoto, siku ile walikuja watoto kumi na nne, wengine wa mama ntilie wa pale nje, wengine wameletwa na dada wa kazi. Mwalimu akaanza "hadithi hadithiii", wakaitika "hadithi njooo, uwongo njooo, utamu koleeea", ile ya kuvuta mpaka wanaobukua ukumbini wakatabasamu, hakuna aliyesema shiii.

Kitabu chenyewe sasa. Cha rafu ya juu, cha zawadi, Kiingereza, kinahusu watoto wanamtengeneza mtu kwa theluji. Mwalimu anaonyesha picha anatafsiri papo hapo. "Huko kwao, inadondoka barafu kutoka mbinguni, laini kama sembe." Mtoto mmoja, "inapikwa?" "Haipikwi. Wanaifinyanga wanamtengeneza mtu, pua yake karoti." Kimya. Dogo wangu aliyekuwa anajifanya mkubwa, mgongo ukutani, hasikilizi, akashindwa. "Mwalimu, akiyeyuka, ile karoti wanaila?"

Mkeka mzima ukaangua kicheko, mwalimu akafunga kitabu kidole kikiwa katikati, akafikiria kweli kweli. "Mwandishi hajasema. Mnaonaje nyie?" Basi wakabishana robo saa, karoti ya chini inaliwa hailiwi, mmoja anasema unaosha, mwingine anasema imelala nje ina kuku wamedonoa. Mmoja akasema sisi tungetumia udongo na pua tungeweka pilipili hoho. Ikaisha hivyo, kitabu hakikufika hata mwisho.

Njiani kurudi dogo akaniuliza kwanini hakuna kitabu cha mtu wa udongo. Sikuwa na jibu la haraka nikamnunulia juisi ya miwa.

Usiku nikaandika kwenye grupu letu la waliosoma pamoja, lile ambalo tunachangiana misiba na vikao vya harusi. Nikasema nataka vitabu vya Kiswahili vya watoto, vya maktaba yetu. Wa kwanza kujibu akaweka emoji ya mikono, unajua ile. Wa pili akauliza kamati nani. Ila ndani ya wiki ikapatikana laki na themanini, tukanunua vitabu, sio vingi, lakini vipya, vinanukia wino, majina ya watoto humo ndani ni majina ya kwetu na wanakula ugali.

Nilidhani unapeleka tu unaviweka. Thubutu. Mkutubi akavipokea kwa kusaini, akavigonga mhuri ukurasa wa mbele na ukurasa mmoja wa siri wa katikati (usiulize upi), akaviingiza kwenye daftari la mapokezi ya vitabu kimoja kimoja, akavipa namba, zile za hadithi akaandika 896.392, nikamuuliza hii nini akasema ndo fasihi ya Kiswahili popote duniani kwenye mfumo wa Dewey, ule wa kupanga vitabu kwa namba. Akaandika mgongoni kwa kalamu nyeusi, taratibu, ulimi nje kidogo kama mtoto wa chekechea. Mwisho akabandika nyuma ile karatasi ya tarehe, nyeupe, haina kitu. Mchana wote umeenda kwa vitabu hivyo vichache na mimi nilikuwa naona raha ya ajabu.

Dogo akajazishwa fomu, picha ya pasipoti moja, mdhamini mimi. Akaazima kimoja. Muhuri wa kwanza kwenye karatasi ile ni wa kwake, akaupuliza ukauke.

Alitakiwa kurudisha baada ya wiki mbili. Shule zikafunguliwa, mama yake kaja kumchukua, basi la saa kumi na mbili asubuhi, mimi nawahi kibaruani. Juzi dada kanipigia, tumeongea mengi, mwishoni anasema kuna kitabu hapa mtoto hataki kukiachia, kila usiku anawasomea wadogo zake na amekifungia jalada la gazeti, ni cha wapi hiki?

Nimeshapita maktaba kuungama. Mkutubi kaangalia kadi, kahesabu siku kwa vidole, kaniambia faini yake. Nikatoa. Akaandika risiti alafu akachungulia ile mita ya luku ukutani, akasema angalau leo tumepata unit mbili tatu.